Kona Iliyokunjwa Mara Mbili

Shangazi yangu alikuwa akibadilisha pesa pale mpakani, kwenye benchi lililo karibu na geti, na watu wote, kuanzia madereva hadi maofisa wa forodha, walimwita Mama Chenji. Mimi nilikaa benchi hilohilo nauza vocha, kwa hiyo haya ninayosema sikusimuliwa, niliyaona. Na mtu akitaka kuniambia eti shangazi alikuwa amerukwa na akili, aje aniambie hayo usoni.

Kazi yake aliijua. Msafiri akishuka kwenye basi, macho yamemtoka, begi kalikumbatia kifuani, hajui noti ipi ni ipi, shangazi alimwita kwa upole: "Njoo huku, baba, hao watakunyoa bila maji." Kisha kabla hajambadilishia chochote alimpa somo. "Usibadilishe zote hapa. Badilisha za nauli, za chakula na za pa kulala. Zilizobaki zifiche kwingine kabisa. Bei iulizie kwa mwingine kabla hujakubali ya kwangu. Usiachie yako mpaka umeshika yao. Na ukishahesabu ukaona ziko sawa, usimrudishie mkononi hata aseme amekosea, hata alie machozi. Zikirudi kwake, zikija tena kwako zitakuwa zimepungua."

Wabadilishaji wenzake hawakulipenda somo hilo hata kidogo. "Mama Chenji, unatukatia riziki!" Naye aliwajibu, "Riziki gani, wezi wakubwa nyie," na wote wakacheka, na kazi ikaendelea.

Kitu kingine, alihesabu kwa sauti. Siku zote. Wala hakusema moja, mbili, tatu kama watu wengine. Alizipanga tanotano, kidole gumba kikisukuma noti: "Hii. Na mwenzake. Na mwenzake. Na mwenzake. Na wa kufunga mlango." Halafu anaanza upya. Wasafiri walicheka, lakini kukosea hakukosea, na watu waliopita mara moja tu waliporudi walimtafuta kwa kuisikiliza sauti hiyo.

Mume wake alikuwa fundi cherehani. Tulimwita Fundi tu, na shangazi naye alimwita Fundi, hata wakiwa wamegombana. Alikuwa mtu mpole, mguu mmoja mfupi kidogo, kwa hiyo hata cherehani yake ilikuwa na mwendo wa peke yake: anakanyaga mara mbili upesi, anapumzika kidogo, anakanyaga tena. Mara kwa mara alivuka kwenda upande wa pili kununua vitambaa na zipu, maana kule bei ilikuwa nafuu.

Sasa, noti yetu kubwa na noti yao ndogo zote ni za kijani, na urefu wake ni mmoja. Aliyeamua ziwe hivyo sijui alikuwa anafikiria nini. Jioni macho ya Fundi hayakuwa mazuri, na safari moja akalipia chai kwa noti yetu kubwa akidhani ametoa yao ndogo. Muuza chai akaipokea kimya, akamshukuru sana, akamwambia karibu tena. Fundi akarudi nyumbani bila hata robo mita ya kitambaa. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Chai gani hiyo, Fundi? Ilitiwa dhahabu badala ya sukari?"

Baada ya hapo ndipo Fundi akabuni ujanja wake. Kila noti ya ng'ambo aliikunja kona moja ndani, akaikunja tena mara ya pili, ndogo, kama upindo wa shati, kisha akaipiga ukucha. Noti zetu aliziacha zilivyo. "Pesa ya ugenini ina upindo, ya nyumbani haina," alisema. "Mkono ukiingia mfukoni unajua wenyewe, hauhitaji macho."

"Unaniharibia pesa!" shangazi alimgombeza. "Nani atapokea noti yenye upindo? Siku moja utaitia na vifungo." Lakini alikuwa akizichukua zile zilizobaki baada ya safari na kuzinyoosha kwa mgongo wa kijiko, huku anatabasamu.

Kisha Fundi akaenda safari moja ya vitambaa, hakurudi. Siku zikapita, tukasema basi limeharibika. Zikapita tena, tukasema anaumwa. Baba yangu, ambaye ni kaka yake shangazi, alivuka akamtafuta hospitali, polisi, hata mahali ninapoogopa kupataja. Hakuna aliyemwona. Alikuwa ameondoka na mkoba wa ngozi na shati la mistari, na ndivyo alivyobaki vichwani mwetu, na mkoba wa ngozi na shati la mistari, miaka yote.

Nilihamia kwa shangazi ili asilale peke yake ndani ya nyumba ile. Cherehani ilikuwa sebuleni imefunikwa shuka. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliifunua, akaitia mafuta, akazungusha gurudumu lake kwa mkono, akaifunika tena. Mimi siamini mambo ya mizimu, na mtu asinisingizie. Lakini nilikuwa nikipita sebuleni nikiwa peke yangu, napita upesi.

Ikafika siku, baba akaja na maneno yake. "Dada, mtu huyu amefariki. Kubali tukae msiba, watu wakupe pole, moyo upumzike. Huwezi kuwa si mke wala si mjane."

"Nimwekee msiba mtu ambaye sijamwona amekufa?" shangazi akasema. "Akirudi akakuta nimeshamlilia nitamwambia nini?" Baba akaenda zake.

Haukupita muda mrefu, dereva mmoja wa lori akaja kubadilisha. Shangazi akaanza: "Hii. Na mwenzake. Na..." Akasimama. Niliinua macho kwenye vocha zangu. Alikuwa ameshika noti yao ya kijani, kidole gumba kiko kwenye kona, uso umempauka kabisa. Kona ilikuwa imekunjwa ndani, ikakunjwa tena mara ya pili, ndogo, ikapigwa ukucha.

"Hii umeipata wapi?" akamwuliza dereva.

"Mama, pesa huulizwa ilikotoka?"

"Nakuuliza kwa wema, baba. Umeipata wapi?"

Dereva akakuna kichwa. Alikuwa amekula, amenunua sigara, amenunua uzi wa kushonea turubai. Hakukumbuka. Shangazi akambadilishia kwa bei nzuri kupita kiasi, na ile noti hakuichanganya na nyingine. Aliirudisha nyumbani ndani ya sidiria, akaitia kwenye kopo tupu la maziwa.

Zikaanza kuja. Si nyingi, lakini zilikuja. Leo kwa mwanafunzi, kesho kwa muuza mitumba. Mimi mwenyewe nilianza kuziogopa. Nikimwona msafiri anaingiza mkono mfukoni, moyo unanidunda kama mimi ndiye niliyekimbiwa na mume. Shangazi hakuogopa. Jioni alizimwaga kitandani, akazigusa kona moja moja, akanieleza kana kwamba mimi ni mjinga wa mwisho.

"Angalia hapa, mwanangu. Ni pesa yao hii, si yetu. Na ameikunja. Maana yake kwake bado ni ya ugenini. Mtu aliyehamia mahali hakunji pesa ya hapo. Fundi yupo, na anajua kwamba hayuko kwake."

Neno lake lilikuwa na maana, tena maana iliyonitia baridi. Nilipomwambia baba, alimwita akamfokea. "Noti kukunjwa ni ushahidi gani? Kila mtu anakunja noti."

"Mara mbili? Na ukucha?"

"Dada, mtu hawezi kuwa mke wa noti!"

"Basi mfuate huko unakosema ni kaburini," shangazi akamjibu, "mimi niache na noti zangu."

Nilimwuliza mbona asivuke akamtafute, kama ana uhakika hivyo. Kwa mara ya kwanza niliona anaogopa. "Njia anaijua," alisema. "Nikimfuata nitakuwa namlazimisha. Nataka aje mwenyewe." Lakini alikuwa akiuliza. Kila aliyeleta noti yenye upindo aliulizwa alikopita, na majibu yakaanza kufanana: stendi ya mji wa kwanza kule ng'ambo, nyuma yake, duka la uzi na zipu lenye mlango wa bati. Hilo nalo aliliweka moyoni, hakufanya kitu. Na noti alizoziweka kwenye kopo hakuzirudisha kwenye biashara, na mbadilishaji anayeficha mtaji wake kitandani biashara yake inakufa polepole. Tulianza kula mara moja kwa siku. Sikulalamika. Sawa, nililalamika, lakini kidogo.

Halafu zikakoma. Wiki moja hakuna, ya pili hakuna, mwezi ukaisha. Nikadhani shangazi ataugua. Badala yake akaanza kuimba. Akapaka rangi ukuta wa sebuleni, akanunua malapa ya kiume, akayapanga mlangoni.

"Shangazi, kuna nini?"

"Wewe umekaa na mimi benchi moja muda wote huu na hujifunzi? Msafiri hubadilisha lini pesa zote za ugenini, asibakize hata noti?"

"Siku ya kurudi kwao," nikasema.

"Enhe! Fundi hana tena pesa yao. Ameshazibadilisha. Anakuja."

Alikuwa amefikiri kama mbadilisha pesa, na mimi nikafikiri naye. Tulikaa benchini tukiangalia kila basi lililovuka, abiria mmoja mmoja. Kila mwanaume mwenye kuchechemea alinisimamisha moyo. Malapa yalikaa mlangoni yakapata vumbi, shangazi akayafuta, yakapata tena. Jioni moja, akiwa ameyashika mkononi na kitambaa, akasema, "Kesho tunavuka."

Mtu amekaa mpakani maisha yake yote, bei ya pesa anaijua kabla jua halijachomoza, lakini kule alikuwa hajawahi kukanyaga. Tulipotoka upande wa pili, vijana wa chenji wakatuzunguka: "Mama, badilisha! Mama, kwangu bei nzuri!" Nikamwangalia shangazi. Macho yamemtoka, mkoba kaukumbatia kifuani. Akatoa pesa yetu akampa kijana wa kwanza kabla hajashika chochote. Akapewa za kwao, akazihesabu, ziko sawa. Kijana akasema, "Samahani mama, nimekosea, nipe nirekebishe," na shangazi, Mama Chenji mwenyewe, akamrudishia. Zilipokuja tena zilikuwa zimepungua.

Nilipandwa na hasira mpaka nikasahau niko nchi ya watu. Nilimshika kijana shati nikapiga kelele hata askari wa geti akageuka, na pesa ikapatikana upesi sana. Shangazi alikuwa amesimama tu pembeni. Alizipokea zile noti, akaegemea ukuta, akaanza kuzikunja kona. Moja moja, mara mbili, na ukucha. "Sasa na mimi niko ugenini," akasema, na sauti yake ilinitisha.

Tulipanda gari hadi kwenye ule mji. Duka tulilipata bila shida, nyuma ya stendi, mlango wa bati. Ndani kulikuwa na meza ya mauzo, mafungu ya uzi ukutani, na nyuma yake pazia la maua. Mwanamke wa makamo alikuwa kaketi mezani, mtoto mdogo anacheza na vifungo miguuni pake.

"Karibuni, mama zangu. Tuwape nini?"

Kabla sijajibu nikasikia nyuma ya pazia cherehani inalia. Mara mbili upesi, inapumzika kidogo. Mara mbili upesi, inapumzika kidogo. Shangazi alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Uzi," nikasema. "Mweusi. Na mweupe."

Mwanamke akatoa uzi. Shangazi akafungua mkoba, na licha ya noti zote za kwao alizozikunja asubuhi, mkono wake ukatoa noti yetu kubwa, ya kijani, kona zake zimenyooka.

"Loo, hii ni ya kwenu," mwanamke akasema kwa ukarimu. "Tunapokea, wala msijali. Ngoja nimwulize mwenye kujua bei." Akageuza kichwa kwenye pazia. "Baba watoto! Ile ya kijani ya wenzetu, leo tunaichukuaje?"

Cherehani ikasimama. Sauti ikataja bei, na ilikuwa bei sahihi. Ilikuwa sauti yake, ya upole, imezeeka kidogo tu. Kisha ikaongeza, "Na uikunje kona, isije ikachanganyika na zetu."

Cherehani ikaanza tena. Mwanamke akaikunja noti yetu kona moja ndani, akaikunja tena mara ya pili, ndogo, akaipiga ukucha; alikuwa ameshazoea. Akavuta droo. Niliona kwa macho yangu. Noti zao zimelala zimenyooka, na pembeni, kwenye kikopo, chache za kwetu, zote zina upindo.

Akatupa chenji, ya pesa yao. Shangazi aliipokea, na nadhani hakujua anafanya nini, maana mkono wa mtu wa kazi ukishashika noti hauulizi. Akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Hii. Na mwenzake. Na mwenzake."

Cherehani ikakatika katikati ya mshono.

"Na mwenzake," shangazi akasema. Nyuma ya pazia kimya, hata kiti hakikulia. "Na wa kufunga mlango."

Mtoto alimwaga vifungo vyake sakafuni, mama yake akainama kuviokota. Nilikuwa nimeshaanza kuzunguka meza. Nilitaka kuingia kule nyuma nimvute yule mtu kwa kola ya shati lake, nimwulize alisahauje njia ya basi moja tu. Shangazi alinishika mkono, akaukaza mpaka ukauma.

"Twende," akasema.

Nje nilianza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Shangazi, ni yeye! Umemsikia! Ni Fundi!"

"Fundi gani?" akasema. "Mimi sikumwona mtu."

Niliitegea sikio ile cherehani hadi tulipopinda kona ya stendi. Haikuanza tena.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa baba, hata mkoba hajaweka chini. "Kaka, nilikuwa nabisha bure. Fundi amefariki. Tukae msiba." Baba alimkumbatia akalia, akamshukuru Mungu kwamba dada yake amerudiwa na akili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao. Mnajua jinsi nilivyo, neno halinikai, lakini siku ile lilinikaa. Nilimwangalia shangazi, naye akaniangalia, na nikaelewa kwamba nikitamka nitamuua yeye kweli.

Asubuhi iliyofuata alimwaga lile kopo benchini. Alizinyoosha noti zote kwa mgongo wa kijiko, akaziuza zote kwa bei ya siku, mpaka ya mwisho. Kwa pesa hiyo tukanunua mchele na sukari ya msiba. Cherehani alimpa binti wa jirani. Malapa sijui aliyapeleka wapi.

Watu wakaja, wengi kuliko tulivyotarajia. Wanawake walikaa naye sebuleni chini ya ule ukuta aliokuwa ameupaka rangi, wakamsifu marehemu, mpole, mkimya, mchapakazi. Mimi nilikuwa nikigawa chai huku nikitazama mlango. Niliogopa kwamba katikati ya vilio vile ataingia mtu mwenye kuchechemea, na mkoba wa ngozi na shati la mistari, aulize ni nani amekufa.

Hakuingia. Aliingia dereva wa basi la ng'ambo, kofia mkononi, na bahasha. "Mama Chenji, pole sana. Nilipowaambia wenye maduka kule stendi kwamba umefiwa, wakachanga kidogo. Wanakufahamu kwa sifa tu, lakini wameguswa. Naomba uzihesabu mbele yangu, nisije nikasemwa."

Shangazi akafungua bahasha. Nilikuwa nimepiga magoti karibu yake na sinia la vikombe. Zilikuwa noti chache, za kwao zimenyooka, na ya chini kabisa ilikuwa ya kwetu, kubwa, ya kijani. Niliiona kona yake kabla yeye hajaifikia, nikataka kumzuia, nikachelewa.

"Hii," akasema. "Na mwenzake. Na mwenzake. Na mwenzake."

Kidole gumba kikagusa upindo. Hakutazama chini. Alikaa hivyo, wanawake wote wakidhani machozi yanakuja, na kidole chake kikapita juu ya ile kona taratibu, kwenda na kurudi.

"Na wa kufunga mlango," akasema. Akazipanga pamoja, akazirudisha kwenye bahasha, akamshukuru dereva, akamwuliza kama ameshakula.